Mdogo wangu kafeli leseni ya udaktari wa meno kwa 73, kupita ni 75. Hizi maksi huwa wanazipataje?

gego_sugu

Wakuu salama? Naomba wenye uelewa mnisaidie maana kichwa kinanigonga tangu jana. Mdogo wangu kamaliza udaktari wa meno, akakaa mtihani wa leseni ule wa kompyuta, majibu yamerudi KAFELI, 73, na kupita ni 75. Bodi siitaji jina maana sio lengo la uzi. Sasa kinachonivuruga ni hivi, dogo siku anatoka mtihanini alinipigia akaniambia kaka nusu ya yale maswali nimebahatisha tu, halafu mwenzake waliyekuwa wanasoma pamoja nae anasema alibahatisha hivohivo na yeye kapita, na tena huyo hajapewa namba yoyote, kaandikiwa AMEPITA basi, yani aliyefeli anapewa maksi aliyepita hapewi, hii imekaaje?

Mtu aliyebahatisha nusu anapataje 73? Na kama ana 73, ina maana ni maswali mawili tu yamemrudisha nyumbani? Na hii ya kwamba kuna idadi maalumu wanayotaka ipite kila awamu ni kweli au ni stori za vijiweni?

sukutua_kwanza

Ya mwisho ni kweli mkuu usidanganywe, wanakata watu ili soko lisijae. Nimemaliza.

mizani_ya_maksi

Hujamaliza mkuu, ndo kwanza umeanza kukosea 😂

Gego_sugu pole kwa dogo. Mimi nimefanya kazi ya takwimu za mitihani ya fani za afya miaka kadhaa, ya meno ikiwemo, ngoja niweke kiti hapa. Ntaandika kidogokidogo nipo kwenye simu.

Kwanza futa kichwani kwamba 73 ni 73 kati ya 100, sio asilimia kabisa. Ile idadi ya maswali uliyopata inaitwa maksi ghafi na mara nyingi hauletewi. Unacholetewa ni maksi ya skeli. Chukua INBDE ya Marekani, ule mtihani wa leseni ya meno ulioanza 2020 kuchukua nafasi ya mitihani miwili ya zamani iliyoitwa NBDE, skeli yake inaanzia 49 inaishia 99 na kupita ni 75. Skeli inayoanzia 49 jamani, hiyo itakuwaje asilimia? Ni kama maji yanaganda kwenye 0 ukitumia Celsius na 32 ukitumia Fahrenheit, maji ni yaleyale, waliobandika namba ndo tofauti. Na 75 sio ya Marekani peke yake, Canada nao mtihani wa NDEB wanatumia mstari wa 75 kwenye skeli yao, ndo maana watu wanachanganya sana, inafanana mno na maksi za darasani.

gego_sugu

Sawa nimekupata hapo, ila bado hujaniambia hiyo 75 imetoka wapi. Nani kaamua?

mizani_ya_maksi

Watu. Na hapo ndo penye utamu.

Wanaitwa madaktari wa meno, tuseme kumi na kitu, wengine walimu wengine wana kliniki zao, wanaingizwa chumbani na maswali. Kabla hawajagusa swali hata moja wanapewa kazi ya kumchora mtu mmoja kichwani, daktari anaestahili leseni kwa taabu, yani yule wa mwisho kabisa ambae ukimruhusu aingize drili mdomoni mwa mama yako utalala usingizi, japo utageukageuka. Hawamtaki bingwa wala mzembe, wanamtaka wa mlangoni. Nimekaa kwenye vikao vya hivi na nakwambia asubuhi nzima inaweza kuisha wanabishana tu huyo mtu anajua nini na hajui nini. Mmoja anasema lazima ajue kipimo cha juu cha ganzi kwa uzito wa mtoto, mwingine anasema hiyo atafungua kitabu, wa tatu anauliza akifungua kitabu mtoto si anaona.

Wakishakubaliana, swali moja moja. Kila jaji anaandika, katika watu 100 wa mlangoni, wangapi watalipata hili? Mmoja kaandika 60, mwingine 70, 55, 65, 75. Wastani 65. Swali hilo limechangia 0.65. Unafanya hivo maswali yote unajumlisha. Tuseme mtihani una maswali 200 na jumla imekuja 128, basi mtu wa mlangoni anategemewa kupata 128, na hiyo 128 ndo inabatizwa jina la 75. Mbinu inaitwa Angoff, William Angoff aliieleza mwaka 1971, na mwenyewe alisema wazo lilikuwa la mwenzake Ledyard Tucker ila jina likamng'ang'ania yeye. Sio mbinu pekee, zipo nyingine ila roho ni hiyohiyo.

Sasa rudi kwa dogo, mfano wa kutunga huu msije mkanishika. 128 ndo 75, na 200 zote ndo 99. Kati hapo kuna maswali 72 na pointi 24 za skeli, kila pointi ni maswali matatu. Kwahiyo mwenye 73 hajakosa maswali mawili, kakosa kama sita. Na 128 kati ya 200 ni asilimia 64. Dogo kasema nusu kabahatisha, basi 100 alijua, 100 akabahatisha, kama kila swali lina majibu manne robo ya hizo zinaingia zenyewe, 25, jumla 125. Unaona? Yuko palepale mlangoni. Hajakudanganya, na 73 haijadanganya.

(Halafu tukishuka chini kwa mwendo huohuo wa tatu tatu, 49 inaangukia maswali 50, yani mtu aliyebahatisha mtihani mzima. Nimeipata sasa hivi napiga hesabu, ni bahati ya mfano wangu, uhalisia hauendi kwa mstari ulionyooka hivi.)

sukutua_kwanza

Hujajibu la kwangu. Wanakata watu au hawakati?

mizani_ya_maksi

Hawakati kwa idadi. Kwa huu wa kompyuta kiwango kimewekwa kabla hujakaa kwenye kiti, na kimewekwa kwa kuangalia maswali, sio kwa kuangalia jirani yako kapata ngapi. Wakijua wote wanapita wote, wakiboronga wote wanaanguka wote. Kushindanishwa ni kwa mitihani ya kugombea nafasi, kama ya kuingia chuo. Leseni haina nafasi, ina kiwango. Ungekuwa unakata kwa idadi ina maana awamu yenye vilaza watupu bado unapitisha kadhaa wakatoboe watu meno.

Ila najua stori yako inapotoka. Watu wanaona Januari aliyepata maswali 124 kapita na Julai mwenye 126 kafeli, wanasema hapo kuna mchezo. Mchezo upo lakini sio huo. Karatasi hazifanani ugumu hata ujitahidi vipi. Kwahiyo ndani ya kila karatasi wanachomeka maswali yaliyokwisha tumika na ugumu wake unajulikana, sisi tunayaita nanga. Kundi jipya likizipata nanga kama kawaida halafu likaangukia pua kwenye maswali mapya, basi ni karatasi iliyokuwa ngumu, mstari wa maksi ghafi unashushwa. Likiangukia pua kwenye nanga nazo, hapo karatasi haina kosa, kundi ndo bovu, hakuna kushusha kitu. Hesabu zake wengi wanatumia modeli ya Rasch, Mdenmaki mmoja Georg Rasch aliitoa mwaka 1960, inaweka ugumu wa swali na uwezo wa mtu kwenye rula moja. Sitawaingiza huko mtanikimbia.

bi_swali

Mi sio wa meno ni muuguzi, ila naomba nipinge kidogo. Hao majaji wako ni wazoefu, miaka ishirini wanajaza meno, watakumbuka wapi ilivyo kuwa mgeni? Mtu wa hivo kila swali anaona jepesi, ataandika 90, 95, mstari unapanda juu, wadogo zetu wanaumia. Kisha mnatuambia ni sayansi.

mizani_ya_maksi

Dada hapo umegonga penyewe, hiyo ni kasoro inayojulikana na hakuna anaeikataa. Mzoefu anasahau. Ndo maana haiishii raundi moja. Raundi ya pili wanaonyeshwa majibu ya watahiniwa halisi, jaji kaandika 90 anaambiwa hili swali mkuu waliolipata ni 41 kwa 100, unabaki na 90 yako? Nimewaona watu wazima wakinywea hapo 😂 Wengine wanabaki nayo na wana sababu, wanasema hata kama wote wamekosa, hili ni la kumjua mgonjwa anaezimia kitini, asiyelijua asipite. Na huyo ana hoja pia. Mwisho wa siku ni uamuzi wa watu uliovalishwa namba, kazi ya takwimu ni kuhakikisha uamuzi unakuwa uleule kwa wote na umeandikwa, sio kuufanya usiwe uamuzi.

Na kuhusu yule aliyepita bila namba nilisahau. NBDE za Marekani zilikuwa zinatoa namba kwa kila mtu hadi mwaka 2012 ndo wakageuza, ikawa kapita au kafeli. Shida ilikuwa vyuo vya ubingwa vilizichukua zile namba kupanga watu, mwenye 93 juu mwenye 90 chini, wakati mtihani wenyewe umejengwa uwe mkali palepale kwenye mstari, huko juu hauoni vizuri. 90 na 93 inaweza kuwa mtu yuleyule siku mbili tofauti, kalala na hajalala. Vyuo vikabaki havina cha kushika, ndo mwaka 2016 ukaja mtihani mwingine kabisa wa kuchuja watu wa ubingwa, ADAT. Aliyefeli anapewa namba kwasababu inamfaa, ajue yuko mbali kiasi gani, na anapewa na mchanganuo wa maeneo. Gego_sugu dogo kapewa huo mchanganuo? Asome huo, namba aiache.

koleo_la_zamani

Nyie mnaongelea wa kompyuta, wa vitendo ndo una roho mbaya, niulizeni mimi.

Nilikaa Marekani zama zile unaleta mgonjwa wako mwenyewe. Yani unatafuta mtu mwenye jino limeoza KIASI, likizidi sana wanakataa, likiwa dogo sana wanakataa, unambembeleza aje siku hiyo, asipokuja umefeli, hamna cha samahani. Wangu alichelewa na kilichonitoka mgongoni siku ile hakikuwa jasho ilikuwa mvua. Tangu mwaka 2020 korona ilipoingia ndo wakahamia kwenye manikini na meno ya kutengeneza yenye uozo wa bandia ndani, vijana wa sikuizi hamjui mmeponea wapi.

Kusahihisha kwake ni hivi. Wewe unajulikana kwa namba, watahini hawakuoni wewe unavyofanya kazi, wanakaa upande wao wanaletewa mdomo uliomalizika. Watatu, kila mmoja anapima kivyake na haoni mwenzake kaandika nini. Mtihani wa WREB, mmoja wa hiyo ya vitendo ya Marekani, enzi hizo ulikuwa na skeli ya 1 mpaka 5 na mstari wa kupita ni 3, na hawakutumia wastani, walichukua ya katikati. Ukipewa 4, 3 na 1, ya katikati ni 3. Wangepiga wastani ungepata 2.67. Yule mmoja mwenye hasira anakuwa hana nguvu. Ila igeuze, 5, 2, 2, wastani ungekuwa 3 kamili, ya katikati ni 2, yule mmoja aliyekupenda nae hana nguvu.

Halafu kuna makosa ya kuua. Hayo hayakati maksi, yanakata mtihani. Umefungua kiini cha jino bila sababu na hujasema, umeacha uozo ndani ukajaza juu yake, umeharibu vibaya jino la jirani, umefanya jino ambalo sio. Kwenye ADEX, mtihani mwingine wa vitendo wa hukohuko, lazima angalau watahini wawili kati ya watatu waone kosa hilohilo kila mtu kivyake, akiona mmoja peke yake halihesabiki. Wakiona wawili hata kama kazi iliyobaki ni ya kuweka kwenye fremu umekwenda.

Sasa sikieni hii. Tulikuwa na mwenzetu kasomea nje ya Marekani, mikono yake sijawahi kuona mingine, kujaza kwake jino unaweza kutafuta kilipo kijazio usione. Kapangiwa jino namba 14. Huko alikotoka wanatumia namba za FDI, zile za shirikisho la madaktari wa meno duniani, 14 ni gego dogo la kwanza la juu KULIA. Marekani wanahesabu 1 mpaka 32, 14 kwao ni gego kubwa la kwanza la juu KUSHOTO. Anayajua yote hayo, mwezi mzima alikuwa anatufundisha sisi. Siku ya siku, pua imekauka kwa woga, mkono umeenda kulia wenyewe. Kachonga tundu safi, ukuta safi, kina safi, kwenye jino zima ambalo halikuwa na kitu. Aligundua wakati anaosha vifaa.

bi_swali

Jamani nimeshika mdomo hapa 🙈

kipande_cha_chaki

Kwani si hapo wangemkata nusu maksi tu, kazi si ameifanya vizuri? Mnamfelishaje mtu mwenye ufundi wote huo.

koleo_la_zamani

Kijana jino zima la mtu limetobolewa. Mgonjwa wa kweli unamwambia nini, kwamba tundu nililotoboa bure ni zuri?

mizani_ya_maksi

Koleo umenigusia kitu nilitaka nikiseme. Kuna kulipana na kuna kutolipana. Kwenye karatasi ya kompyuta mara nyingi maksi zinalipana, umefeli ufizi ukafidia na dawa, jumla ikivuka mstari umepita. Kwenye vitendo hazilipani. ORE ya Uingereza, ule wa madaktari waliosomea nje, sehemu ya pili ina vipande vinne, kuna vituo vya OSCE, yani unapita kituo hadi kituo unapimwa kazi moja moja, kuna kupima na kupanga matibabu, kuna manikini na kuna dharura za kiafya. Lazima vyote vinne. Manikini lako likiwa la dhahabu halimsaidii mtu aliyepoteza pumzi kwenye kiti. Na huo nafasi za kukaa ni nne tu, ukimaliza nne ndo basi.

Kwenye vituo vya OSCE mstari unatafutwa kwa njia ambayo mi naipenda kuliko zote maana inamjibu bi_swali. Mtahini anatiki orodha, kanawa mikono ndio, kauliza mzio ndio, kaeleza hatari za kung'oa hapana, halafu PEMBENI anaandika hisia yake ya jumla, safi, kapita, wa mlangoni, kafeli. Mwisho wanachora grafu, hisia upande huu orodha upande ule, mstari unapitishwa katikati ya nukta, unaangalia wale wa mlangoni wameangukia maksi ngapi za orodha. Hiyo ndo ya kupita kwenye kituo hicho. Hakuna kukisia mtu wa kufikirika, wamemuona kwa macho siku hiyohiyo. Kituo kigumu kinajishusha chenyewe, chepesi kinajipandisha.

kipande_cha_chaki

Swali la mwanafunzi hapa, nakaa mwakani. Ni kweli kuna maswali ambayo hayahesabiwi? Na ukikosa wanakata maksi? Niache wazi au nijaze?

mizani_ya_maksi

Yapo. Ni mapya yanaonjwa kwanza, wakiona yana shida yanatupwa hujui hata kama yalikuwepo. Usijaribu kuyatambua, hayana alama usoni, nimeona watu wanapoteza dakika kwa kusema hili la ajabu hili litakuwa la majaribio, kumbe la kweli. INBDE haikati maksi kwa kukosa, jaza kila kitu, hata ikibaki dakika moja wewe bonyeza tu. Mitihani mingine soma mwongozo wake.

Na pumzi ujipange nayo. Hiyo INBDE ina maswali 500 kwa siku mbili, 360 siku ya kwanza na 140 siku ya pili. Na msome mgawanyo! Kupima na kupanga matibabu ni asilimia 36.2, kutibu na kusimamia afya ya kinywa 42, halafu yale ya taaluma yenyewe, maadili, sheria, kuongea na mgonjwa, kusoma utafiti, usalama kliniki, 21.8. Watu wanaikanyaga hii ya mwisho kama mkeka. Asilimia 21.8 ya 500 ni maswali 109.

sukutua_kwanza

Ok nimekubali kuhusu kukata watu. Ila rufaa je? 74 mtu si anaomba wasahihishe upya.

mizani_ya_maksi

Ya kompyuta unaweza kuomba wakague ila mashine imesoma kilekile ulichobonyeza, usiuze kiwanja kwa matumaini hayo. Kuna mtikisiko kwenye kila kipimo, ni kweli mwenye 74 leo kesho angeweza kupata 76, na mwenye 76 angepata 74. Wapo wanaosogeza mstari kwa kiasi cha huo mtikisiko, mitihani mingine wanaupandisha ili asipenye asiyestahili, ni suala la unaogopa nini zaidi, kumzuia mzuri au kumpitisha mbaya. Kwa leseni wengi wanaogopa la pili. Simlaumu mtu.

gego_sugu

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa kazini. Nimemwambia dogo anitumie ile karatasi, alikuwa hajaifungua ukurasa wa pili kabisa, kaona 73 akazima simu.

Mchanganuo upo. Kupima na kupanga yuko juu ya wastani wa waliofeli. Kutibu yuko sawa tu. Ile ya maadili na kuongea na mgonjwa na usalama iko chini mpaka nikadhani imekosewa kuchapwa. Nikamuuliza hii ulisoma kwa muda gani, kimya. Nikamuuliza tena, ananambia kaka hiyo sikusoma, niliona ni maneno ya busara tu, mtu mzima anajua. Mtihani wake sio huo wa 109 lakini nimemsomea hiyo namba kwenye simu na nimesikia amekaa chini.

koleo_la_zamani

Mwambie na namba za meno arudie, zote mbili, FDI na ile ya 1 mpaka 32. Aandike kwenye kiganja akibidi.

gego_sugu

Kwenye kiganja si atafukuzwa chumbani mzee 😂

koleo_la_zamani

Nyumbani aandike, mpaka mkono uzizoee.